Kaburi Si Chimbuko

Mwanafunzi wa Ushetu afundishwapo habari za mtu wa kale huelekezwa kwa kidole upande wa mashariki. Aghalabu huambiwa kwamba huko, katika korongo la Olduvai, ndiko binadamu alikoanzia. Kwamba fuvu lililofukuliwa huko mwaka 1959 ni la babu yake. Na kwamba kwa sababu hiyo Tanzania ni chimbuko la wanadamu wote. Mwanafunzi huyaandika maneno hayo katika daftari, huyakariri, huyarudisha katika karatasi ya mtihani, naye hupewa alama zake. Nchi anayoikanyaga yeye mwenyewe, nchi ya miombo na mashamba ya tumbaku na maduara ya dhahabu, haitajwi katika somo hilo hata mara moja. Historia yake huanza na watemi, kana kwamba kabla ya mtemi wa kwanza ardhi ilikuwa tupu ikimngoja.

Makala haya yanakusudia kulipinga fundisho hilo. Sina ugomvi na Olduvai, wala na wataalamu waliokaa juani huko miaka mingi wakichambua vumbi kwa brashi. Ugomvi wangu ni na sisi tutungao vitabu na kufundisha kwa Kiswahili, tuliopokea matokeo ya kazi yao tukayavika maneno yasiyoyaenea. Maneno hayo ni mawili: babu na chimbuko. La kwanza nitalimaliza upesi. La pili lina madhara zaidi, nalo ndilo lililonishikisha kalamu.

Fuvu liitwalo Zinjanthropus boisei lilionekana na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe Louis alikuwa mgonjwa kambini. Jina lilitungwa kutokana na Zinj, neno walilolitumia Waarabu wa zamani kwa pwani yetu, likaunganishwa na neno la Kiyunani lenye maana ya mtu. Boisei ni heshima aliyopewa Charles Boise, aliyetoa fedha za uchimbaji. (Ndivyo marehemu wa bara, ambaye yamkini hakupata kuiona bahari, alivyozikwa mara ya pili kwa jina la pwani, lakini hilo si kosa letu.) Mwaka 1961 madini ya majivu ya volkano katika tabaka lile yalipimwa, ikaonekana kwamba umri wake ni kama miaka milioni 1.75, na ulimwengu wa elimu ukashangaa. Mwaka 1965 fuvu likaletwa Dar es Salaam, nasi tukaona fahari, na fahari hiyo ilikuwa haki yetu.

Lakini fahari haibadili nasaba. Leo wataalamu walio wengi humweka Zinj katika jenasi ya Paranthropus, yaani tawi lililoachana na tawi letu mapema, likaishi kando yake kwa muda mrefu, kisha likakatika kiasi cha miaka milioni moja na kitu iliyopita bila ya kuacha kizazi. Magego yake ni makubwa kupita kiasi, na juu ya fuvu upo ukingo wa mfupa ambapo misuli ya taya ilijishikiza. Zamani alidhaniwa kuwa mpasua kokwa. Uchunguzi wa meno ya jamaa zake wa Kenya uliotangazwa mwaka 2011 umeonyesha kwamba chakula chake kikubwa kilikuwa mimea ya jamii ya nyasi na ndago. Mwaka 2024 zilitangazwa nyayo za Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana, ambazo umri wake ni miaka milioni moja na nusu: viumbe wa namna mbili walipita katika tope lile lile, kwa tofauti ya saa au siku chache tu, na mmoja adhaniwa kuwa wa tawi letu na mwenziwe wa tawi la Zinj. Walikuwa majirani waliokunywa maji ya ziwa moja.

Katika ukoo wowote ule, afaye bila mtoto haitwi babu na wajukuu ambao hakuwapata. Ataitwa ami, ataitwa mjomba, ataitwa binamu, na jina lake litatajwa kwa heshima. Ila hapana atakayejigamba kuwa ametoka viunoni mwake. Zinj ni ndugu yetu wa mbali aliyekufa bila mtoto. Wapo waliojaribu kumtetea kwa zana za mawe zilizopatikana karibu naye. Mwaka 1964 utetezi huo ulipata pigo, kwa maana Leakey na wenzake Tobias na Napier walitangaza kiumbe mwingine kutoka korongo hilo hilo, Homo habilis, wakampa yeye sifa ya kuzitengeneza. Shauri halijafungwa bado: mwaka 2023 ilitangazwa habari ya Nyayanga, Kenya, karibu na Ziwa Viktoria, ambako magego mawili ya jamaa wa Zinj yalikutwa mahali pamoja na zana za kale sana. Hata hivyo, ikiwa kesho itathibitika kwamba Zinj aligonga mawe kwa ustadi, atakuwa fundi, na ufundi hauthibitishi ukoo.

Wengine hujaribu kulikwepa tatizo kwa neno zamadamu. Neno hilo, kama linavyoonekana, limeundwa kwa werevu: bin imeondolewa katika binadamu, zama ikawekwa mahali pake. Mwanafunzi asiyeelezwa asili yake huweza kudhani kwamba habari ni ya damu iliyozama, lakini hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba neno moja limefanywa gunia la kutilia wote: wale walioacha nyayo zao Laetoli miaka milioni 3.66 iliyopita, na Zinj, na habilis, na watu wa karibu zaidi kwetu ambao nitawataja baadaye. Kati ya wa kwanza na wa mwisho wa hao ipo miaka zaidi ya milioni tatu. Hakuna mwanahistoria ambaye angekubali Firauni na waziri wa leo waitwe kwa cheo kimoja, na umbali kati ya hao wawili haufiki hata miaka 6,000.

Sasa nalijia neno chimbuko. Limetokana na kitenzi chimbuka, nacho kina shina moja na chimba. Kitu kilichokuwa chini kikajitokeza juu, twasema kimechimbuka; hata jua huchimbuka asubuhi. Kwa maana hiyo ya asili Olduvai ni chimbuko bila shaka yoyote, kwa kuwa ndipo mifupa ilipotokeza. Lakini tumelisukuma neno kutoka maana ya kutokea hadi maana ya kuanzia, na kwa kusukuma huko mahali mfupa ulipoonekana pamekuwa mahali mwenye mfupa alipoumbwa. Olduvai ni kaburi. Ni kaburi la ajabu, lenye wafu wa namna nyingi, na hatuna budi kulitunza; lakini hapana kaburi lithibitishalo kwamba marehemu alizaliwa ndani yake, wala kwamba ndugu zake wote waliishi hapo.

Yafaa tutazame kwa nini kaburi hilo limewahifadhi wafu wake. Karibu miaka milioni mbili iliyopita palikuwa na ziwa mahali hapo, na upande mmoja palikuwa na milima ya volkano ya nyanda za juu za Ngorongoro. Mnyama aliyekufa ukingoni mwa ziwa alifunikwa na tope kabla fisi na jua havijammaliza. Juu ya tope yakaanguka majivu. Juu ya majivu likaja tope jingine. Chokaa na madini mengine yakaingia katika mifupa, mifupa ikawa jiwe. Baada ya hapo ardhi ikapasuka na kushuka, na mto ukalikata lile rundo la matabaka kama kisu kikatavyo mkate, hata mtu akipita leo huziona zama zote zimepangwa ukutani. Mambo manne yalihitajika: ziwa, majivu, kupasuka kwa ardhi, na mto. Likikosekana moja, hapana Zinj. Mwaka 2024 Andrew Barr na Bernard Wood walilieleza jambo hili kwa hesabu: Bonde la Ufa la mashariki, ambalo limetupa sehemu kubwa ya mifupa ya watu wa kale, ni chini ya asilimia 1 ya ardhi ya Afrika. Tumeisoma kona moja ya ukurasa, tukatangaza kwamba tumekimaliza kitabu.

Na Ushetu je? Msingi wa nchi ya Ushetu, na wa Kahama yote hadi Geita, ni itale na mawe ya kijani ambayo umri wake wapita miaka bilioni mbili na nusu. Mawe hayo yalipoa na kutulia zamani za kale, kabla ya dunia kuwa na mnyama hata mmoja mwenye mfupa. Ndiyo maana yana dhahabu, na ndiyo maana hayana visukuku. Juu yake hapakunyesha majivu mazito ya kuzika wafu. Udongo utokanao na itale, chini ya miombo, ni mchanga wenye asidi, nao mfupa huulainisha, mvua huumung'unya, mizizi huumaliza. Mtu aliyekufa Ushetu miaka laki nne iliyopita, hata angalizikwa na nduguze kwa heshima zote, asingeacha jino moja. Kukosekana kwa mfupa wake ni habari ya kikemia. Sisi tumeigeuza kuwa habari ya historia.

Mwenye shaka na atazame Bonde la Manonga, kusini mwa Shinyanga. Huko, zamani, palikuwa na ziwa, na penye ziwa palikuwa na tope la kuhifadhi. Katika miaka ya 1990 msafara ulioongozwa na Terry Harrison ulikusanya huko visukuku vya samaki, viboko na jamaa za tembo waliokwisha kutoweka, ambao umri wao ni kati ya miaka milioni nne na milioni tano na nusu hivi. Kitabu cha matokeo kilitoka mwaka 1997. Mfupa wa jamaa wa binadamu haukupatikana. Lakini twajifunza kwamba mkoa huu huu unaosemwa kuwa hauna kitu huhifadhi wafu wake mara tu upatapo tope la kutosha. Twajifunza pia jinsi tulivyo wavivu wa kusoma habari zetu, maana naamini walimu wengi wa Shinyanga hawajapata kulisikia jina la Manonga likitajwa katika somo la mambo ya kale.

Ikiwa mifupa haihifadhiki, tutajuaje kwamba watu walikuwako? Kwa kazi za mikono yao. Isimila, karibu na Iringa, yapo mashoka ya mkono ya mawe, mengi hata mgeni huogopa kuyakanyaga, yaliyochimbuliwa na Clark Howell mwaka 1957 na 1958. Mfupa wa aliyeyachonga haukuonekana. Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Rukwa na Zambia, mwaka 2023 zilitangazwa habari za magogo mawili yaliyochongwa yakapandishwa moja juu ya jingine, kwa pengo lililokatwa makusudi ili yashikane. Umri wake ni miaka 476,000 hivi, yaani muda mrefu kabla ya mifupa ya kwanza tunayoijua ya watu kama sisi. Maji yaliulinda mti, hayakuulinda mfupa. Fundi wa Kalambo ni mtu wa kale wa jinsi iliyotoweka, nasi tuna kazi yake bila ya kuwa na uso wake. Nsongezi, ukingoni mwa Mto Kagera upande wa Uganda, zana za mawe za kale zimejaa katika changarawe za mto.

Na uso mmoja tunao. Mwaka 1973, kando ya Ziwa Ndutu katika uwanda wa Serengeti, Amini Mturi, Mtanzania aliyeongoza idara yetu ya mambo ya kale, alifukua fuvu la mtu wa kale ambaye hakuwa Zinj wala hakuwa sisi. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka laki kadhaa. Wataalamu hawajapatana jina: wapo wamwitao Homo erectus, wapo wamwitao heidelbergensis, wapo wamwekao mlangoni mwa jinsi yetu wenyewe. Huyu angaliweza kuitwa babu kwa adabu zaidi kuliko Zinj. Lakini muulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni: Leakey atamjua, Mturi hatamjua. Vivyo hivyo fuvu la Eyasi, alilolipata Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen mwaka 1935 likiwa limevunjika vipande vipande, likapewa jina la Africanthropus njarasensis kwa jina jingine la ziwa lile. Ziwa Eyasi lilipakana na Mkoa wa Shinyanga wa zamani, kabla Meatu haijatiwa katika Mkoa wa Simiyu mwaka 2012. Watoto wa Shinyanga walikuwa na mtu wa kale mlangoni kwao, nao wakafundishwa kumtafuta Olduvai.

Basi na tuweke ramani mezani. Mashariki ya Ushetu, Ndutu na Eyasi, kusini mashariki, Isimila, kusini, Kalambo, kaskazini magharibi, Kagera. Kutoka Ndutu hadi Ushetu kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 300. Katikati hapana bahari, hapana jangwa, hapana mlima usiopandika. Mtu aliyeweza kuunganisha magogo, na ambaye jamaa zake walikwisha kufika Asia kwa miguu, alizuiwa na nini asiingie Unyamwezi? Anayedai kwamba nchi hii ilikuwa tupu, na watu wamejaa pembe zote zinazoizunguka, ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Wala elimu yenyewe haisemi tena kama vitabu vyetu. Mwaka 2017 mabaki ya Jebel Irhoud, Moroko, yalitangazwa kuwa ya miaka 300,000 hivi, na wenyewe wakahesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza wa jinsi yetu. Huko ni mwisho wa bara, mbali kabisa na Bonde la Ufa. Mwaka 2018 Eleanor Scerri na wenzake walitoa hoja kwamba jinsi yetu haikuzaliwa katika kijiji kimoja: ilitokana na makundi mengi yaliyotapakaa Afrika, yakitengana na kukutana, yakichanganya damu kwa maelfu ya miaka. Hoja hiyo ikisimama, na naona yasimama vema, hapana chimbuko moja la kugombaniwa baina ya Tanzania na Kenya na Uhabeshi na Afrika Kusini. Miombo ya Ushetu yaweza kuwa mojawapo ya njia ambazo makundi hayo yalipitia.

Nimekwisha kusikia pingamizi. La kwanza ni la fedha: chimbuko la binadamu ni tangazo zuri, huleta wageni Ngorongoro. Sikatai. Muuza machungwa naye husema machungwa yake ni matamu kuliko yote, wala hatumkamati. Lakini tangazo lina mahali pake, na darasa lina mahali pake, na mwalimu akiuza machungwa darasani amewaibia wanafunzi. La pili ni la uzalendo: kwamba kumwondolea Zinj ubabu ni kuipunguzia nchi heshima. Mimi naona kinyume. Nchi iliyo na Laetoli, Olduvai, Ndutu, Eyasi, Isimila na nusu ya Kalambo haihitaji kuongezewa heshima kwa nasaba ya uongo. La tatu ndilo liniudhilo, kwa kuwa hutoka kwa wasomi wenzangu wa lugha: kwamba haya ni maneno tu. Wanaokaa mchana kutwa wakibishana juu ya asili ya neno moja la utenzi huona ni kupoteza wakati kubishana juu ya neno ambalo mamilioni ya watoto huapishwa nalo.

Na madhara yake yako ardhini. Ushetu, Msalala, Mbogwe, Bukombe, hadi Geita, hapana kazi ifanywayo kwa bidii kuliko kuchimba. Mchimbaji mdogo afunguapo duara huanza kwa kuondoa udongo wa juu, kisha changarawe, kisha hufika kwenye mwamba, ndipo aanze kuweka matimba na kufikiria karasha. Lile la juu, alionalo kuwa kifusi, ndilo lenye historia. Changarawe za mito ya kale hukusanya dhahabu, na kwa nguvu zile zile za maji hukusanya zana za mawe. Ndivyo ilivyo Kagera. Shoka la mkono la miaka laki mbili likitupwa kando ya duara halina tofauti na jiwe lolote kwa asiyelijua. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilindayo vitu hivyo. Lakini sheria hulinda kitu kinachotambuliwa, na kijana aliyefundishwa tangu utoto kwamba mambo ya kale yako Olduvai hana sababu ya kuinama atazame jiwe la Ushetu. Tumempa elimu iliyomfumba macho mahali pale pale anapochimba.

Nitakalo si kubwa. Sentensi isemayo kwamba binadamu alianzia Olduvai ifutwe, na mahali pake iandikwe kwamba Olduvai ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mifupa ya watu wa kale na jamaa zao imehifadhika, na sababu za kuhifadhika zielezwe. Zinj aitwe binamu. Jina la Mturi liandikwe karibu na la Leakey. Somo la mtu wa kale, kwa shule za bara lisilo na visukuku, lianze na Isimila na Kalambo, mahali penye kazi bila mifupa, kwa maana hizo ndizo zinazofanana na kwao. Na mwalimu wa Ushetu apewe shoka la mkono, hata liwe la kuigizwa kwa plasta, alipitishe katika mikono ya watoto, kila mmoja alipime uzito na kuipapasa kingo yake. Kisha awaulize ni nani kati yao aliyepata kuona jiwe la namna hiyo mtoni, au shambani, au katika kifusi cha duara la baba yake.